"Husband" na kamba zisizokuwepo

Kwenye harusi zinazoendeshwa kwa Kiingereza hakosi mtoa nasaha wa kusema kwamba "husband" ni "band" ya "house", yaani mkanda unaoishikilia nyumba isisambaratike. Watu hupiga makofi. Wakorofi nao huligeuza: eti ni mtu aliyefungwa nyumbani. Maelezo yote mawili ni ya kubuni.

Neno lenyewe ni la Waskandinavia wa kale, húsbóndi. Hús ni nyumba. Bóndi ni mtu mwenye makazi yake, mkulima anayekaa kwenye shamba lake, kutokana na kitenzi búa, kukaa. Wadenmaki na Wanorwei waliohamia Uingereza kuanzia karne ya 9 ndio waliolipeleka huko, na kufikia mwaka 1000 hivi limekwishaingia kwenye maandishi ya Kiingereza.

Wengi pia hudhani lilikuwa na maana ya mume tangu mwanzo. La. Húsbóndi alikuwa mwenye nyumba, awe ameoa au hajaoa. Mume kwa Kiingereza cha kale aliitwa wer. Maana ya ndoa ilishika karne ya 13. Ile ya zamani haijafa: waliosomea kilimo wanajua "animal husbandry" ni ufugaji, na hapo hakuna ng'ombe aliyeposwa.

Dhana inayonasa hata wasomi ni ya "bondage", utumwa. Ukiliangalia unaona minyororo, lakini limetokana na bóndi huyuhuyu, ambaye kwao alikuwa mtu huru. Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, walipoiteka Uingereza mwaka 1066, wakulima wengi waliishia kuwatumikia makabaila, na jina lao likashuka hadhi pamoja nao. "Bond" ya kufunga ni neno lingine kabisa. Yamefanana tu, kisha yakachanganywa. Norwei hadi leo bonde ni mkulima, basi.

Na asikwambie mtu kwamba ukoo huu hautuhusu. Mzizi huohuo wa kukaa ndio uliozaa Bauer ya Kijerumani na boer ya Kiholanzi, zote mkulima, na kwa boer sisi tukapata Kaburu. Makaburu waliopanda kutoka Nakuru kwenda Uasin Gishu, Kenya, mwaka 1908, na magari yao ya kukokotwa na maksai, walikuwa wakijiita wakulima tu. "Neighbour" naye yumo humohumo: anayekaa karibu.