.375 H&H kwenye mapori ya Rungwa: inachokiweza na inapogota

Msimu wa uwindaji ukikaribia, simu yangu hapa Dodoma huita kwa swali lile lile: ninunue bunduki ya kaliba gani, yaani ya risasi yenye unene wa inchi ngapi? Anayeuliza mara nyingi ameshaanza kushughulikia kibali cha polisi, ana fedha ya bunduki moja tu, na kuna rafiki ameshamwambia achukue .458 ili amalize kazi. Jibu langu ni moja: chukua .375 H&H Magnum. Ila nataka ujue kwa nini, maana wengi wanaoisifu risasi hii wanaisifu kwa jambo ambalo si lake.

Wanasema inaangusha. Nyati dume ana kilo mia sita na zaidi, na hakuna risasi ya kubeba begani itakayomsukuma chini kwa uzito wa pigo. Anaanguka kwa sababu kitu kimekatika ndani: moyo, mapafu, mishipa mikubwa iliyo juu ya moyo, uti wa mgongo au ubongo. Kwa hiyo cha kuuliza ni kama risasi itapita ngozi, nyama na mfupa wa bega, ikafika huko ndani ikiwa bado nzima. .375 inafika. Risasi yake ya kawaida ina uzito wa greini 300, yaani gramu 19.4, kipenyo chake ni milimita 9.5, na inatoka mtutuni kwa mwendo wa mita 770 hivi kwa sekunde. Ni ndefu ukilinganisha na unene wake, ndiyo maana inachimba. Mwendo nao si wa kasi ya kupita kiasi, kwa hiyo haipasuki hovyo ikikutana na mfupa.

Kwa hesabu za nishati, hiyo ni kama jouli 5,700 mtutuni. .30-06, kaliba nyembamba zaidi inayotumiwa na wengi, ikiwa na risasi ya greini 180 inatoa kama 3,900. Tofauti ni kubwa, lakini sipendi watu wachague bunduki kwa namba hizi. Jouli hazikwambii risasi ilisimama wapi ndani ya mnyama.

Ilitoka kwa Holland & Holland wa London mwaka 1912, na umbo lake linaeleza mengi. Wakati ule walitumia kordaiti, baruti ya nyuzi ndefu kama tambi, ndiyo sababu ganda ni refu na linapungua taratibu kutoka kitakoni hadi shingoni. Kordaiti ilikuwa na tabia mbaya kwenye nchi za joto: jua likiipata, mgandamizo ndani ya chemba, chumba cha risasi nyuma ya mtutu, unapanda, ganda linavimba na kunasa. Ganda linalopungua hivi likilegea kidogo tu, linatoka lote. Linaingia kirahisi vilevile, na hilo utalithamini siku unapovuta bolti, komeo la kupakia risasi, kwa haraka huku nyati anakutazama. Ule mkanda ulio chini ya ganda wengi hudhani umewekwa kuliongezea nguvu. Sivyo. Bega la ganda hili, pale linapobanwa kuingia shingoni, limelala mno, haliwezi kuizuia risasi isizame kupita kiasi ndani ya chemba, kwa hiyo mkanda ndio unaoishika mahali pake.

Baruti za leo zimetulia kuliko kordaiti, lakini joto la Manyoni mwezi wa Oktoba halijabadilika. Usiache risasi juu ya dashibodi ya gari. Ziweke kwenye mfuko wa ngozi au wa turubai, kivulini, na hata ukipumzika chini ya mti zisogeze jua linapohama.

Kwa wanyama kama nyati na tembo, sheria zetu za uwindaji haziruhusu kaliba iliyo chini ya .375, kwa hiyo mwenye .30-06 peke yake hana ruhusa ya kumfuata nyati hata kama ana shabaha ya ajabu. Mwenye .375 anaweza kuwinda nyati leo, kesho pofu au tandala, na keshokutwa swala pala, kwa bunduki ile ile. Watu huogopa kwamba itamharibu swala. Kinachochafua nyama zaidi ni risasi nyepesi yenye mbio kali inayopasukia begani. Hii nzito mara nyingi inapita na kuacha tundu, na bega lako la nyama unalipata.

Sasa tuingie porini, kwa sababu risasi inahukumiwa na ardhi inapotumika. Rungwa, Kizigo na Muhesi ni mapori ya akiba yanayogusana, na sehemu kubwa ni miombo. Humo ndani mnyama unamwona ukiwa mita sitini, themanini, labda mia. Ukielekea kwenye vichaka vya Itigi mambo yanageuka kabisa: miti myembamba imesongamana, matawi yamefumana hadi kifuani, na unaweza kusikia nyati anapumua bila kuona hata sikio. Huko utakutana na wale wanaokwambia kwamba risasi nzito inakata matawi na kuendelea na safari. Naomba usiwaamini. Kijiti chenye unene wa kidole kinatosha kuipindua risasi yoyote, iwe .375 au .458, na ikishaanza kuyumba itaingia kiubavu mahali ambapo hukukusudia. Subiri uwazi. Usipopatikana, mwache aende.

Aina ya kichwa cha risasi ndiyo ninayoigombania kuliko yote. Tuna risasi laini, inayopanuka ikiingia, na risasi ngumu isiyopanuka, iwe ya shaba tupu au yenye koti nene la chuma. Tunapochuna nyati huwa nawaomba wachunaji waende polepole upande wa pili wa mbavu, na mara nyingi unaikuta pale, imejikunja chini ya ngozi. Iweke kiganjani uitazame. Laini iliyotengenezwa vizuri imefunguka mbele kama mara mbili ya kipenyo chake, na kitako bado ni kizima. Hiyo imefanya kazi yote. Ile ya bei rahisi unakuta koti tupu, madini laini ya ndani yameachana nalo njiani, na vipande vingine vimebaki kwenye nyama ya bega bila kufika kwenye pafu. Ganda ni lile lile, bunduki ni ile ile, mwendo ni ule ule, lakini mnyama aliyepigwa na hiyo ya bei rahisi angeweza kutembea nusu siku. Anayenunua bunduki ya mamilioni halafu akabana matumizi kwenye kichwa cha risasi amepoteza fedha zote mbili.

Kwa nyati mimi hupanga hivi: ya kwanza laini, zinazofuata kwenye magazini ngumu. Laini ni kwa sababu ya kwanza unampiga nayo akiwa amesimama, mara nyingi kundini, na ngumu inaweza kumpita yule uliyemkusudia ikamjeruhi aliye nyuma yake. Zinazofuata ni ngumu kwa sababu ataanza kukimbia, atakupa makalio, na hapo unahitaji risasi inayoweza kuchimba kutoka nyuma hadi kifuani. Kumbuka pia kwamba mnyama aliyejeruhiwa huhesabiwa kwenye leseni yako, umpate usimpate.

Ziko sehemu inapogota. Ya kwanza ni umbali. Ukiilenga sawasawa kwa mita 100, kwenye mita 200 itashuka kama sentimita 15, na kwenye mita 300 itakuwa imeshuka zaidi ya nusu mita. Mbuga za wazi zitakushawishi. Kwa .375 mimi sipigi mbali kuliko mita 200, na kwa nyati sipendi kuvuka mia.

Ya pili ni tembo na nyati anayekujia. .375 imeua tembo wengi, lakini ubongo wa tembo umefichwa nyuma ya mfupa mnene wenye matundumatundu, na akikutazama uso kwa uso kosa la sentimita chache linamwacha akiwa hai na akiwa na hasira. Risasi nene zaidi zikipita karibu na ubongo zina nafasi kubwa zaidi ya kumzubaisha kwa sekunde moja au mbili. .375 haina akiba hiyo. Sheria imeiweka kuwa kiwango cha chini, na kiwango cha chini ndicho ilicho.

Ya tatu ni ndogo: ni risasi ndefu, inadai bolti ndefu, na bunduki yake huwa nzito na ghali kidogo.

Basi kwa nini nisiseme .458? Ile ya Winchester ilitoka mwaka 1956 ikiwa na risasi ya greini 500 ndani ya ganda fupi, na mwanzoni baruti iliyoshindiliwa humo iliganda, zikawa zinatoka bila nguvu zilizoahidiwa. Tatizo hilo lilishatengenezwa. Kinachonizuia ni bega la mpigaji. Teke la .375 tayari linakaribia mara mbili ya lile la .30-06, na .458 inalizidi kwa mbali. Kuna kipimo ninachokifanya uwanjani: nachanganya ganda tupu kati ya risasi nzima bila mwenye bunduki kujua, halafu naangalia mtutu. Ganda tupu likigonga, utaona mtutu unazama na macho yanafumba kabla ya kidole kumaliza kuvuta. Kwa .375 hali hiyo hutibika kwa mazoezi na magongo ya kuegemea. Kwa .458 nimewaona wengi wakibaki nayo, na risasi ya greini 500 tumboni mwa nyati ni mbaya kuliko ya greini 300 kwenye moyo.

Utaniuliza mbona mimi mwenyewe nabeba .458 ninaposindikiza wageni. Ni kwa sababu kazi yangu siyo kuwinda. Mimi ni mwindaji bingwa, nasimama hatua mbili nyuma ya bega lako, na nikilazimika kufyatua, mnyama ameshajeruhiwa na yuko karibu sana. Hapo nahitaji unene, na mita ishirini ndiyo mbali yangu yote. Wewe unayepiga wa kwanza, mnyama akiwa ametulia na hana habari nawe, unahitaji bunduki utakayoipiga macho yakiwa wazi. Ukiipata, leta uwanjani na risasi zile zile utakazoingia nazo porini, tuilenge kwa mita 100 kabla ya kupanga safari ya Itigi.