Stesheni ya Japani na mwanafunzi mmoja: yanayosemwa na yaliyotokea

Huenda nawe umewahi kutumiwa picha ya kibanda cha mbao katikati ya theluji, pamoja na maelezo kwamba Japani iliacha stesheni nzima wazi kwa miaka kadhaa kwa ajili ya binti mmoja wa shule, ikaifunga alipohitimu. Habari hiyo ilienea dunia nzima Januari 2016. Ndani yake mna ukweli, na ndiyo maana haifi. Ila imepotoshwa, na kilichoachwa nje ndicho kizito zaidi: jinsi reli ya vijijini inavyokosa abiria, na nani hulipa ili iendelee kuwepo.

"Stesheni yenyewe ni Kami-Shirataki."
Sivyo. Jina hilo ndilo lililosambazwa, lakini binti yule alipandia Kyu-Shirataki. Zote mbili zilikuwa kwenye njia ya Sekihoku, kisiwani Hokkaido, katika eneo la mji wa Engaru. Kosa hili la jina limezaa la pili.

"Treni zilipangiwa saa zake: moja ya kwenda shule, moja ya kurudi."
Saa zilizotajwa, yaani saa 1:04 asubuhi na saa 11:08 jioni, zilikuwa ratiba ya Kami-Shirataki, iliyokuwa na treni moja tu kwa siku kila upande. Kyu-Shirataki ilikuwa na moja ya asubuhi kuelekea Engaru na tatu za kurudi. Tena treni ile ya asubuhi ilihudumia stesheni nyingine za njia hiyo, haikuwa ya mtu mmoja.

"Wafanyakazi walibaki stesheni kumhudumia."
Hapakuwa na mfanyakazi. Stesheni za aina hii huwa na jukwaa fupi na kibanda cha kusubiria, na nauli hulipwa ndani ya treni.

"Ilifungwa kwa sababu alihitimu."
Hapa ndipo penye utata. Mpango wa kufunga ulijulikana tangu 2015, na Kyu-Shirataki ikafungwa tarehe 26 Machi 2016, siku ambayo makampuni ya reli ya JR yalianza ratiba mpya. Ratiba hizo hubadilishwa kila Machi, na mwaka wa shule wa Japani nao huishia Machi, kwa hiyo mambo hayo mawili hukutana kila mwaka. Siku hiyohiyo, kwenye njia hiyohiyo, zilifungwa pia Kami-Shirataki, Shimo-Shirataki na Kanehana. Na siku hiyo hiyo treni ya kasi, Shinkansen, ilifika Hokkaido kwa mara ya kwanza. Kwangu mimi tukio hilo la upande wa pili wa kisiwa linaeleza mengi kuliko picha ya kibanda: kufungwa huko kulikuwa sehemu ya mabadiliko makubwa ya ratiba, si jambo la mtu mmoja.

Hata hivyo, tusimnyime binti yule haki yake. Alikuwepo, alisoma, na treni ilisimama kumchukua hadi masomo yake yakaisha. Hilo ni jema, wala halihitaji kutiwa chumvi.

"Japani ni tajiri, reli zake haziwezi kuhangaika."
JR Hokkaido, kampuni inayoendesha reli za kisiwa hicho, ilizaliwa 1987, shirika la reli la taifa lilipogawanywa. Kwa kuwa ilijulikana tangu mwanzo kwamba itapata hasara, ilipewa mfuko wa yen bilioni 682.2 ili faida ya mfuko huo izibe pengo. Kisha viwango vya riba vikaporomoka, vijiji vikapungukiwa na watu, na barabara zikaboreshwa. Novemba 2016 kampuni ilitangaza kwamba haiwezi tena kutunza peke yake takriban kilomita 1,237 za njia zake, karibu nusu ya mtandao wote. Mahali kama hapo, kila jukwaa la kufagiliwa theluji ni gharama.

"Stesheni isiyo na watu haina budi kufungwa."
Stesheni ya Koboro, nayo ya Hokkaido, inakanusha hilo. Iko kwenye njia ya Muroran, imebanwa kati ya mahandaki karibu na bahari, na haifikiki kwa gari. Kampuni ilitaka kuifunga, lakini mji wa Toyoura ukakubali kubeba gharama za matunzo kuanzia 2016, kwa sababu wapenzi wa reli husafiri kutoka mbali kwenda kuiona. Iliyoiokoa ni bajeti ya halmashauri.

"Ikishafungwa, treni hazipiti tena."
Zinapita. Shimo-Shirataki iligeuzwa mahali pa treni kupishana, maana reli hapo ni ya njia moja, na treni za haraka ziitwazo Okhotsk bado hutumia njia hiyo. Stesheni ya Shirataki yenyewe ingali wazi. Lakini kutoka hapo hadi Kamikawa, stesheni inayofuata upande wa magharibi, sasa ni kilomita 37.3 bila kituo cha kushuka: umbali mrefu kuliko wote kati ya stesheni mbili jirani kwenye njia za kawaida za JR, yaani zisizo za Shinkansen.