Halali Haiishii Machinjioni

Mbuzi akishachinjwa kwa kufuata sharia, wengi wetu Mwanza tunahesabu kazi imekwisha. Nyama inapakiwa, lori linashika njia ya Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 1,100. Juzi gari hilohilo lilibeba nini? Kama lilibeba kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, mnunuzi hajui. Na kwa kuwa hajui, hana sababu ya kukulipa wewe mwenye lori nauli nzuri kuliko anayomlipa mwingine.

Katika madhehebu ya Imamu Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, kikavu kikigusa kikavu najisi haihami. Inahamishwa na unyevu. Ndiyo maana katoni kavu za sabuni hazitusumbui kama lori la baridi, lenye barafu inayoyeyuka na maji ya damu sakafuni. Sangara ni halali hata bila kuchinjwa, na kwa sababu hiyo wasafirishaji wa samaki huona habari hizi si zao. Ni zao kabisa! Minofu ikilowa maji ya boksi la lori lililobeba nguruwe, imenajisika. Boksi hilo linataka kuoshwa mara 7, mara moja kati ya hizo kwa maji yenye udongo. Malaysia waliyaweka mambo haya kwenye kiwango chao cha MS 2400 mwaka 2010, wakigusa usafirishaji, maghala na maduka ya rejareja.

Swali gumu analoniuliza kila mwenye gari ni moja: nikitenga lori kwa halali tupu, nitarudi na nini? Ana haki ya kuuliza. Gari likirudi tupu, nauli ya kwenda inaliwa na mafuta. Ushauri wangu ni kufunga mkataba wa mzigo wa kurudi kabla ya kununua hata jokofu la gari: sukari, unga, vifungashio, bidhaa kavu za maduka ya jumla. Pia wenye mabucha na wauza samaki wachangie lori moja kwa siku maalumu. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, hata mfanyabiashara wa Sengerema anaweza kuingia katika mpango huo bila barafu yake kuyeyukia kwenye foleni ya kivuko.

Kitimoto kina wateja wake, nao wanastahili gari lao safi. Wala dereva si lazima awe Mwislamu; anachotakiwa ni nidhamu.

Hoteli ya Zanzibar au mnunuzi wa Ghuba anayetaka halali hununua uthibitisho pamoja na nyama. Cheti cha machinjio hakimwambii lolote kuhusu lori lako. Basi anza na daftari ndani ya gari: mzigo uliotangulia, tarehe ya kuoshwa, aliyeosha, namba ya lakiri mlangoni. Dereva na utingo wasaini wakati wa kupakia, mpokeaji asaini kabla lakiri haijakatwa.