Je, wajua? Gavana wa siku 35 ambaye hakugombea ugavana

Desemba 9, 1872, Baraza la Wawakilishi la jimbo la Louisiana, kusini mwa Marekani, lilipiga kura ya kumshtaki gavana, Henry Clay Warmoth. Kesi ilikuwa isikilizwe na Seneti ya jimbo, lakini katiba ya huko wakati ule haikungoja hukumu: gavana akishashtakiwa, anakaa pembeni mpaka kesi iishe. Aliyeingia ofisini ni Pinckney Benton Stewart Pinchback, mtu mweusi wa kwanza kuwa gavana wa jimbo Marekani. Januari 13, 1873 alikuwa ameshatoka. Wa pili, Douglas Wilder wa Virginia, alikuja kuapishwa mwaka 1990.

Alifikaje pale bila kuombea kura kiti hicho? Ilianza na msiba. Naibu gavana Oscar Dunn, mweusi pia, alifariki Novemba 1871. Pinchback, aliyekuwa seneta wa jimbo, akachaguliwa na wenzake kuongoza Seneti, na cheo hicho kikamfanya kaimu naibu gavana.

Kilichofuata ni ugomvi wa ndani ya Republican, chama cha Warmoth na Pinchback wote wawili. Kipimo chake ni kisa cha treni. Mwaka 1872 Warmoth na Pinchback walikutana New York, mbali kabisa na nyumbani. Kulikuwa na miswada ya uchaguzi ambayo Warmoth hakutaka kuitia saini, na gavana akiwa nje ya jimbo, madaraka yalishikwa na naibu. Pinchback akapanda treni kimyakimya ili afike New Orleans kwanza, asaini. Warmoth kushtuka, akaanza kumkimbiza. Usiku, treni iliposimama Canton, Mississippi, Pinchback aliamshwa akaambiwa kuna simu ya maandishi inamsubiri ofisini. Akashuka. Kuingia tu, mlango ukafungwa kwa nje, na treni ikaondoka zake. Warmoth akamkuta palepale.

Ajabu ni kwamba mtu huyu hakuwa mgeni wa hila. Alizaliwa mwaka 1837 Georgia. Mama yake, Eliza Stewart, alikuwa mtumwa aliyeachwa huru, na baba yake mzungu mwenye mashamba. Baba alipofariki, mama aliwachukua watoto akakimbilia Cincinnati, akihofia ndugu wa marehemu wasije wakawarudisha utumwani. Pinchback akaanza vibarua kwenye mashua akiwa na miaka 12 hivi, kisha akahamia meli za mvuke za mto Mississippi, ambako alifundwa kamari na wacheza karata wa melini. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe alikuwa kapteni wa askari weusi, akajiuzulu mwaka 1863 kwa kuchoshwa na ubaguzi jeshini.

Sasa, kwa nini siku 35 tu? Kwa sababu muhula wenyewe ulikuwa wa Warmoth, na ulikuwa ukingoni. Uchaguzi wa Novemba 1872 ulishafanyika na pande mbili zote zikadai ushindi. Warmoth alikuwa amejiunga na upande wa John McEnery, mgombea ugavana aliyepingana na wa Republican, na Republican waliona njia ya haraka ya kumzuia asiamue matokeo ni kumshtaki. Rais Ulysses Grant akamtambua Pinchback, ambaye alishika usukani hadi William Pitt Kellogg, mgombea wa Republican, alipoapishwa. McEnery naye alijiapisha kivyake, kwa hiyo kwa muda Louisiana ilikuwa na magavana wawili.

Pinchback alipotoka alikuwa na viti viwili mkononi, kwa makaratasi: ubunge wa taifa na useneta wa taifa. Hakuketi hata kimoja. Seneti ya taifa ilivutana kuhusu kiti chake kwa miaka mitatu, kisha Machi 1876 ikamkataa kwa kura 32 dhidi ya 29. Baadaye Seneti hiyohiyo ikamlipa zaidi ya dola 16,000, mshahara na nauli za useneta ambao ilikuwa imemnyima.