Ufunguo wa grili uko wapi?

Kazi yangu ni kukagua usalama wa nyumba: nyaya, gesi, njia za kutokea. Nikifika kwa mtu, iwe Tabata au Mbezi, mwenye nyumba hukimbilia kunionyesha mtungi wa kuzimia moto alioutundika jikoni. Mimi namuuliza ufunguo wa grili uko wapi. Hapo ndipo anaanza kuita: "Mama Junior, ule ufunguo mmeuweka wapi?" Mara nyingi uko kwenye pochi ya mtu aliyeko kazini.

Dar tunamwogopa mwizi kuliko moto, na siwalaumu watu. Lakini angalia tulivyojenga. Madirisha yote yana nondo zilizochomelewa moja kwa moja, mlango wa mbele una grili na kufuli kubwa, wa nyuma umezibwa kwa friji au magunia ya mkaa. Saa tano usiku kila kitu kinafungwa, baba anaingia chumbani na funguo. Moto ukianzia sebuleni, tuseme kwenye ekstensheni iliyobeba friji, televisheni na pasi, familia nzima iko upande usiokuwa na mlango. Na kinachoua wengi kwenye moto wa nyumba ni moshi, hata kabla moto wenyewe haujawafikia. Moshi hujaa kuanzia juu ukishuka, kwa hiyo unatambaa gizani ukipapasa kufuli usiloliona.

Dawa yake ni fundi wa kuchomelea. Kila chumba cha kulala kiwe na dirisha moja ambalo grili yake ina bawaba na inafunguka kwa ndani. Ufunguo utundikwe kwenye msumari karibu na dirisha hilo, mahali ambapo mkono wa mtu aliye nje haufiki ila mtoto wa darasa la tatu anafika. Kisha usiku mmoja zima taa, mwambie kila mtu afungue akiwa amefumba macho. Watoto wataona mchezo, waache wacheke. Mpangaji ataniambia nyumba si yake. Ongea na mwenye nyumba, gharama ya fundi ikatwe kwenye kodi. Wengi hukubali, kwa sababu grili inabaki kwake. Kama hela inatosha kitu kimoja tu, mimi ningeanza na hii, mtungi wa kuzimia moto ungefuata.

Watu waliounguliwa ninaokutana nao hawasemi hawakujua. Wanasema, "Fundi nilikuwa nimwite mwisho wa mwezi."

Gesi nayo. Serikali inataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi, na mitungi imeshajaa mitaani. Ila gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu, inalala sakafuni, inaingia chini ya kabati na kusubiri cheche. Ukisikia harufu yake usiguse swichi yoyote, hata ile ya kuzima taa. Funga mtungi kama unaufikia salama, fungua milango, toeni watu nje. Mpira uliokakamaa au wenye nyufa badilisha leo. Kila ukibadilisha mtungi, pakaza povu la sabuni kwenye maungio ya rejuleta; likitoa mapovu, panavuja. Kiberiti si kipimo, ingawa bado naona watu wazima wakikitumia.

Wa mabondeni mna la ziada. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwakuta watu wa bonde la Msimbazi wakiokoa magodoro huku vyeti vikiloa kabatini. Vyeti vya kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA, hati au mkataba wa pango, vyote kwenye mfuko mmoja wa plastiki, juu, karibu na mlango, na picha zake kwenye simu ya ndugu anayeishi mlimani. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari ya mvua kubwa, zima meni swichi kabla maji hayajaingia. Yakishaingia, usikanyage maji kuifuata.

Kuna jambo dogo ambalo karibu nyumba zote hazina. Zimamoto wanapatikana kwa 114, bure. Watakuuliza uko wapi, na "nyuma ya duka la Mangi" haiwafikishi, kwa sababu Dar nzima ina duka la Mangi. Tangu operesheni ya anwani za makazi ya 2022, mitaa mingi ina jina na nyumba zina namba, lakini mwulize aliyemo ndani kama anaijua. Andika kwa maki peni kubwa nyuma ya mlango: 114, kata, mtaa, namba ya nyumba. Kisha mwite dada wa kazi aisome kwa sauti, maana mchana yeye ndiye yuko nyumbani na watoto. Na hakikisha simu yake ina chaji.