Dakika 20 si za kubebwa, jamani

Kila darasa la saba wakikaribia kufanya mtihani, maneno ni yale yale, kuanzia ofisi za walimu mpaka kwenye baraza za kahawa Ngamiani, hapa Tanga: "Hao wa kitengo wanabebwa, wanaongezewa muda." Kitengo ni darasa la watoto wenye ulemavu ndani ya shule ya kawaida. Nimechoka kuyasikia. Tuangalie basi hizo dakika zinaishia wapi.

Utaratibu wa NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, kwa watoto hawa ni dakika 20 za ziada kwa kila saa ya Hisabati, na 10 kwa kila saa ya masomo mengine. Hisabati ikiwa ya saa moja na nusu, inakuwa saa mbili. Mwenye uoni hafifu anapewa maandishi yaliyokuzwa, asiyeona anapewa nukta nundu, maandishi ya vinundu yanayosomwa kwa kidole, kila herufi ikiundwa kwa nukta zisizozidi sita. Hakuna anayenong'onezwa jibu.

Sasa toa 178 kwenye 403. Anayeona anapanga wima, anakata 4, anaandika 3 juu yake, amemaliza. Asiyeona anatumia mashine ya Perkins, ya kuchapa nukta nundu: anapiga kwanza alama ya namba, yaani nukta 3, 4, 5 na 6 kwa pamoja, halafu tarakimu, ambazo ni zile zile herufi a mpaka j. Mashine inakwenda kulia, lakini kutoa kunaanzia kulia kurudi kushoto. Kwa hiyo arudi nyuma nafasi moja moja, apapase mamoja yako wapi, apige 5, arudi tena. Na hapa kukopa kunavuka sifuri! Ile 3 ya juu haina pa kukaa. Anaibeba kichwani, pamoja na 9 ya makumi. Akikosea, analaza nukta kwa ukucha, na nukta iliyolazwa huacha kovu ambalo kidole chake mwenyewe kitakuja kulisoma vibaya.

Ufahamu nao ni balaa. Jicho linasoma swali, linaruka aya tatu, linadaka jina la mhusika. Kidole hakiruki. Kinarudi mstari kwa mstari, herufi kwa herufi, na kama viganja vina jasho la joto letu hili la pwani, kinakwama.

Halafu kuna kosa jingine: karatasi za maswali zimebanwa chini ya mzigo. Nukta ya 5 ikilala, tarakimu 4 inasomeka 3, na 7 inasomeka 6. Mtoto anakokotoa sawasawa kabisa, swali ambalo halipo.

Kwa viziwi, nakiri, sioni dakika zinasaidia nini hasa. Lugha yao ya kwanza ni ya alama, na alama hazina ngeli. "Kitabu yangu" haitokani na haraka, na robo saa haifundishi upatanisho wa kisarufi. Wenye mtindio wa ubongo wananitia shaka zaidi: mkono uliokaza unachoka, ukiongeza muda umeongeza uchovu. Ningekuwa na uamuzi ningewapa mapumziko katikati. Vitabu vinasema "muda wa ziada" kana kwamba ulemavu wote ni mmoja.

Mwalimu wa kitengo naye anapimwa kwa wastani wa shule. Mtoto amejifunza kutembea na fimbo nyeupe mpaka kituo cha daladala bila kushikwa mkono. Hilo halina alama. Kwa hiyo muhula wa mwisho fimbo inawekwa pembeni, yanapigwa maswali ya kuchagua. Simlaumu sana.

Wasimamizi, mashine ikaguliwe siku moja kabla. Bonyeza vibonyezo vyote sita vya nukta kwa pamoja, kisha hesabu vinundu kwa kidole: vikiwa vitano, tafuta mashine nyingine. Kila mstari ukikaribia kuisha inapiga kengele, kwa hiyo chumba kiwe cha peke yake. Na saa ianze kuhesabiwa karatasi ikishaingia kwenye mashine.