Smart TV au kiboksi? Tuelewane kwanza hiyo "smart" ni kitu gani

Juzi mjomba wangu wa Tukuyu alinipigia, nikamwamkia, akaenda moja kwa moja kwenye shida yake: "Mwipwa, hapo Mwanjelwa TV smart ya inchi 43 wanauzaje, maana hii yangu nataka niiuze." Nikamuuliza mjomba kwani hiyo imeharibika? Haijaharibika, kioo kiko safi, sauti iko safi, ila watoto wanamwambia ni ya kizamani haina YouTube. Nikamwambia mjomba usiuze kitu, ngoja nije Jumamosi. Na kwenye Costa ya kutoka Uyole nilikuwa nawaza kwamba watu wengi huku kwetu wanatoa hela kubwa kwa sababu hakuna aliyewaelezea hilo neno smart lina maana gani, kwahiyo naandika hapa.

TV ya kawaida ni kioo, spika, na bodi ya kupokea picha kutoka kwa kitu kingine, iwe king'amuzi, deki au flashi. Smart TV ni hiyohiyo ila ndani yake wamepachika kompyuta ndogo, yaani prosesa, ramu, sehemu ya kuhifadhia vitu, wifi na mfumo wa kuendesha aplikesheni. Fikiria simu yako imefungwa nyuma ya kioo kikubwa, basi ndo hiyo. Mifumo yao inatofautiana, Samsung wana Tizen, LG wana webOS, Hisense nyingi zinakuja na VIDAA, Sony na TCL wengi wao Android TV au Google TV. Sasa kiboksi, wengine wanaita TV box, wengine android box, ni kompyuta ileile ila imetolewa nje, unaichomeka kwenye tundu la HDMI, lile la waya mmoja unaobeba picha na sauti pamoja, na TV yako ya kawaida inapata YouTube na Netflix kama kawaida.

Hili jambo si geni kwetu. Dar walipozima matangazo ya analojia mwishoni mwa 2012 na mikoa mingine kufuata kuanzia 2013, TV hazikutupwa, watu walinunua ving'amuzi wakaendelea na TV zao za kichogo. Kiboksi kinafanya kazi kwa akili hiyohiyo. Ila msichanganye, na hapa ndo wengi wanaumia: smart siyo king'amuzi! Ukiona TV wamekuandikia DVB-T2 hiyo ndo ina king'amuzi cha ndani cha antena, na hicho hakihusiani kabisa na usmart, TV inaweza kuwa na kimoja ikakosa kingine. Smart TV bila intaneti ni TV ya kawaida tu, na kiboksi bila intaneti hakina cha kukuonyesha zaidi ya flashi yako.

Kinachonifanya nipende kiboksi ni umri. Kioo kikitunzwa kinaishi miaka kumi na zaidi, lakini ile kompyuta ya ndani inazeeka haraka kama simu, tena smart nyingi za bei ndogo zinakuja na ramu ya GB 1 au 1.5 na hifadhi ya GB 8 ambayo nusu yake imeshaliwa na mfumo wenyewe kabla hujaweka chochote. Aplikesheni kila mwaka zinakuwa nzito, kampuni ya TV inaacha kutoa apdeti, siku moja unawasha inakwambia haiwezi tena. Hii siyo hadithi, Aprili 2015 YouTube waliachana na mfumo wao wa zamani na TV nyingi za 2012 kurudi nyuma zikapoteza aplikesheni yao, na Disemba 2019 Netflix wakaacha kufanya kazi kwenye baadhi ya Samsung za 2010 na 2011. Vioo vilikuwa vizima kabisa! Mimi mwenyewe yamenikuta, nilinunua smart ya inchi 32 mwaka 2017, kampuni sitaitaja, kufika 2022 ukifungua YouTube inazunguka mpaka unaenda kupika chai unarudi bado inazunguka, fundi akaniambia hamna cha kutengeneza hapa, imechoka. Nikaweka kiboksi, mpaka leo kioo kilekile kinapiga kazi.

Kiboksi nacho kinazeeka, nisiwadanganye. Machi 2025 Chromecast za kizazi cha pili, vile vidude vya Google vya kuchomeka kwenye HDMI, ziligoma dunia nzima kwa sababu cheti chake cha ndani kilikwisha muda, watu wakasubiri mpaka Google waje na marekebisho. Ila kiboksi kikifa unabadilisha kadude kanakoingia mfukoni, siyo inchi 55 ya kuibeba kwenye bajaji.

Sasa kwenye kununua hivyo viboksi ndo kuna hatari, na hapa naomba msome polepole. Vile vya bei ya kutupa ambavyo muuzaji anakwambia "hii chaneli zote bure maisha" kaeni navyo mbali. Vingi vimewekewa Android ya simu, siyo Android TV, ndo maana vinataka mausi na maandishi yanakuwa madogo huoni kitu kutoka kwenye kochi. Halafu havina kibali cha juu cha ulinzi wa video kinachoitwa Widevine L1, kwahiyo hata kama kwenye boksi wameandika 4K au 8K kwa maandishi ya dhahabu, Netflix itakupa picha ya 480p, yaani ukungu mtupu. Baya zaidi ni virusi vya kutoka navyo kiwandani. Januari 2023 mtaalamu mmoja wa Canada alikikagua kiboksi cha T95 akakuta kina programu haribifu ndani, na Juni 2025 FBI ya Marekani walitoa tahadhari kuhusu kundi la vifaa vya namna hii linaloitwa BADBOX 2.0, vinaingia kwenye wifi ya nyumbani kwako na wahalifu wanaitumia intaneti yako kwa mambo yao bila wewe kujua. Fikiria kiko kwenye wifi hiyohiyo ya simu unayofanyia miamala. Kabla hujalipa muombe muuzaji akiwashe, ingia Play Store kwenye mipangilio, upande wa kuhusu, uone kama wameandika kifaa kimethibitishwa. Akikataa kukiwasha, ondoka.

Bando nalo. Netflix wenyewe wanasema picha ya HD inakula mpaka GB 3 kwa saa na 4K mpaka GB 7, kwahiyo kitu cha dakika 90 kwa HD ni kama GB 4 na nusu zimeenda, na wengi wetu huku tunarusha hotspoti ya simu. Ingia kwenye mipangilio ya akaunti yako ushushe ubora, kiwango cha chini kabisa ni kama GB 0.3 kwa saa, na kwenye inchi 32 mbona inatazamika tu. Uzime na apdeti za kujiendesha zenyewe, iwe smart iwe kiboksi, zinakunywa bando usiku umelala.

Kwahiyo mimi naonaje? Kama una TV nzima yenye HDMI, nunua kiboksi, usihangaike na kingine. Kama huna TV kabisa unaanza maisha, chukua smart tu, siku hizi ya kawaida hata kuipata dukani inataka utafute, ila chagua kwa ajili ya kioo na sauti na matundu ya HDMI angalau mawili, usmart wake uuhesabu kama nyongeza ambayo miaka mitano ijayo utaibadilisha na kiboksi. Kama TV yako ni ya kichogo yenye nyaya za njano, nyekundu na nyeupe tu, kuna kibadilishi cha kutoka HDMI kwenda hizo nyaya lakini maandishi hayasomeki vizuri, hapo bora ukusanye hela.

Kwa mjomba tukafunga kiboksi kwenye TV yake ileile, ilituchukua kama nusu saa. Kiboksi mwanzoni kilikuwa kinajizima na kuwaka kwa sababu watoto walikichomekea umeme kwenye USB ya TV, ile mara nyingi inatoa ampia 0.5 tu, haitoshi, nikatoa chaja yake nikachomeka ukutani kikatulia. Kikasema hakuna intaneti wakati ipo, kumbe tarehe ilikuwa imerudi nyuma miaka kadhaa, na tarehe ikikosea aplikesheni zinakataa kuunganishwa, nikairekebisha. Nikamwambia mjomba na huku Rungwe mvua zilivyo na radi, ukisikia ngurumo chomoa vyote ukutani, TV, kiboksi na waya wa antena, usizime kwa rimoti ukadhani umezima.